Mfinyaji Yuko Mbali

Mwalimu Nerea alipokuja nyumbani kwangu Mkomani mara ya kwanza, aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kudungwa sindano, akanywa kahawa yangu yenye tangawizi kali bila kukunja uso. Hapo nikajua ana shida kubwa.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Yeye na wenzake walitaka kufanya tamasha la kusoma hapa Amu. Waandishi waje kutoka Nairobi, Mombasa na hapa kwetu, kila mmoja asimame mbele za watu asome kazi yake kwa kinywa chake mwenyewe. Vitabu vitauzwa, watoto watasomewa hadithi, na wanawake watapata kikao chao ndani ya nyumba, bila wanaume. Mwalimu Nerea kwao ni bara, upande wa ziwani, lakini amefundisha Amu miaka ya kutosha kujua kwamba wako wanawake hapa hawatainua sauti uwanjani hata nyumba ikiungua.

Alikuwa amenisikia nikighani kwenye harusi moja ya jirani. Akaniambia alilia, na bi harusi mwenyewe hamjui. Nikamwambia hata mimi nililia, lakini mimi nilikuwa namjua bwana harusi.

Akacheka, kisha akaweka kikombe chini, akasema alilokuja kulisema. "Bi Mwanaarabu, tunakuomba wewe mtunzi uje utughanie tungo zako."

Nikafungua kinywa nimsahihishe. Nikakifunga.

Kosa lake si la ujinga. Mgeni yeyote angelikosea vile. Kwetu, katika shughuli za wanawake, mwenye maneno si mwenye sauti. Anayetunga hukaa nyuma, anayeghani hukaa mbele, na wanaosikiliza hulipa sifa koo lile wanaloliona. Mtunzi hajitangazi. Aliyepika pilau akianza kupita sinia hadi sinia akiisifu, watu watakula, lakini wakitoka watamsema ndia nzima mpaka majumbani kwao. Basi watu wa Mkomani walikuwa wakisema "nyimbo za Mwanaarabu" tangu nilipokuwa na meno yangu yote, na mimi katika maisha yangu sijatunga hata mstari wa kumwita kuku. Maneno yote niliyowahi kuyaghani ni ya Radhiya.

Radhiya na mimi tulizaliwa nyumba mbili zinazotazamana, zimeunganishwa kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya ndia kama daraja. Shule sote tuliishia ya msingi, mimi kwa uvivu, yeye kwa posa. Baada ya kuolewa aliendelea kuja pale wikioni kila alasiri. Hakuandika neno. Alinitilia sikioni mshororo mmoja mmoja, kwa sauti kavu kama ya mtu anayeuliza saa, nami nikauchukua, nikauinua, nikaupamba. Akinipa wa pili, wa kwanza umeshapita dirishani, na watu chini ndiani wamesimama wanasikiliza.

Siku ya shughuli yenyewe nilikaa mbele na yeye akakaa nyuma yangu, magoti yake yakigusa mgongo wangu. Mimi nina sauti, sina kumbukumbu. Nikiruka mshororo, au nikitia neno langu mahali pa neno lake, Radhiya alinifinya. Hapa, chini ya bega la kushoto, kwa kucha. Sauti yangu ilikuwa ikiruka juu ghafla kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha nikashuka taratibu, nikarudi kwenye neno lake. Watu walidhani ni mapambo. Wasichana wakaanza kuiga. Mpaka leo ukienda harusini Amu utamsikia mtoto wa juzi akirusha sauti vile katikati ya mshororo, na hajui kwamba anaghani maumivu ya mgongo wangu.

Halafu mume wa Radhiya, aliyekuwa karani wa serikali hapa, akastaafu na kurudi kwao Faza, ng'ambo ya bahari. Naye Radhiya akamfuata. Mume akafa, Mungu amrehemu, na Radhiya akabaki kule kwa mwanawe. Nilidhani atarudi. Hakurudi.

Simu tulipigiana. Tuliongea presha, tukaongea sukari, tukaongea wajukuu wanaomwaga ubwabwa. Kila mara nilimuuliza kama ana kitu kipya. Kila mara alinijibu kwamba ameacha, atunge ampe nani, kuku? Nikamwambia basi aje Amu. Akaniambia niende mimi Faza. Nikamwambia mimi sikuhama, aliyehama ni yeye. Akaniambia mashua ni zile zile, ziendazo na zijazo. Hapo ndipo tulipokuwa tukikwama kila mara.

Na ukweli ni kwamba mimi na bahari hatuelewani. Najua ni aibu kwa mtu wa Amu. Mara ya mwisho kupanda mashua, maji yalitoka tukiwa katikati ya Mkanda, ile ndia nyembamba baina ya mikoko. Tukakaa juu ya tope tukingojea maji yarudi, na mimi nimekumbatia ndoo, na kila abiria ananipa dawa yake. Nikaapa sipandi tena.

Kwa hiyo niliendelea kughani yale yale ya zamani, harusi baada ya harusi. Maneno yalikuwa bado mazuri, lakini mgongo wangu ulikuwa ukihisi baridi. Kuna mahali nilikuwa nikifika, najua hapa nimekosea, na ninangoja kidogo. Hakuna kitu. Naendelea na kosa langu, hakuna anayejua, vigelegele vinapigwa vile vile. Sijui kama nimeeleza vizuri. Unaweza kukosea mbele ya watu mia, ukasifiwa na wote, na ukarudi nyumbani mnyonge.

Sasa mwalimu Nerea ameketi mbele yangu ananiita mtunzi. Nami namjua Radhiya wangu. Haringi, hatafuti sifa, amekaa nyuma yangu maisha yote bila kunung'unika. Lakini kukaa nyuma kwa hiari ni kitu kimoja, na kusikia kwamba Mwanaarabu amepanda kitini anajiita mtunzi ni kitu kingine. Mapenzi yalikuwa yameshindwa kumleta. Nikaona tujaribu hasira.

"Nitakuja, mwalimu," nikamwambia. "Na hilo neno mtunzi, liandike kwa herufi kubwa."

Akaliandika. Matangazo yalipotoka, jina langu lilikuwa refu kuliko la bwana mmoja wa Nairobi mwenye vitabu saba. MTUNZI WA MKOMANI. Binti yangu Raihana alilitazama, kisha akanitazama mimi. Yeye amekulia miguuni petu, anajua kila kitu. Akaniuliza kama nimechoka kuishi kwa amani. Nikamwambia amani nimekuwa nayo miaka mingi na haijanisaidia.

Nikachukua tangazo moja nikampelekea Usama, anayeendesha mashua ya Faza, nikamwambia alibandike kwenye mlango wa Bi Radhiya. Siyo gatini, siyo dukani, mlangoni kwake. Usama alilisoma lote, akakuna kidevu. Alisema yeye kazi yake ni kubeba abiria, vita hajawahi kubeba. Nikamwambia hii haina uzito.

Aliporudi nilikuwa gatini kabla hajafunga kamba.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, Bi. Aliniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia nimsomee tena. Kisha akaniuliza kama nimekula."

Nikaona maringo hayo. Kusomewa kama binti wa sultani, na herufi zenyewe kubwa kama sufuria. Lakini kusomewa mara mbili si mchezo. Atakuja.

Tangu siku hiyo kila mashua ya Faza ilipoingia mimi nilikuwa na haja gatini. Na kwa kuwa mwanamke wa umri wangu hawezi kusimama gatini bure kama mzigo usio na mwenyewe, nilinunua ndimu kwa mama mmoja anayeuza pale. Wanashuka wanaume na magunia, wanashuka wanafunzi, wanashuka akina mama waliojifunika uso, na kila aliyejifunika nilimtazama namna anavyoweka mguu. Radhiya huweka kisigino kwanza, kama anayepima kama sakafu imekauka. Hakushuka. Nikarudi na ndimu. Raihana akasindika achari mpaka chupa zikaisha, akaniuliza kwa upole kama pale ninapomngoja Bi Radhiya hakuna kitu kingine kinachouzwa, nianze kununua hicho.

Tamasha likaanza, na Radhiya hajaja.

Siku ya kwanza ilikuwa ya uwanjani. Nilikaa na Raihana upande wa wanawake. Yule bwana wa Nairobi, Kipchumba, alisimama na kitabu chake akakisoma kwa sauti nzito ya redio. Kila ukurasa anakunywa maji. Alipofika mahali pa huzuni akalia mwenyewe, sisi tukakosa nafasi. Watu walimpigia makofi, na kwa haki, maana hadithi ilikuwa nzuri, ya baba aliyepoteza ng'ombe na mke wiki moja, na mwanzo mpaka mwisho wewe msikilizaji hujui amlilie nani kwanza. Lakini mimi nilikuwa nikitazama nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na ukuta. Peke yake na maneno yake yote. Nikamwonea huruma, halafu nikakumbuka kwamba kesho ni zamu yangu, na mimi hata hayo maneno sina.

Asubuhi ya pili, nikiwa jikoni, simu ya Raihana ikapokea sauti kutoka Faza. Alikuwa Radhiya. Ile sauti kavu, ya mtu anayeuliza saa.

"Asalaam aleikum. Nasikia siku ya yeo wewe ni mtunzi. Haya, mtunzi, kuna beti tatu. Mbili ni hizi, shika. Ya tatu utapewa ukishazighani hizo mbele ya wageni wako. Raihana anipigie wakati huo, simu aiweke mapajani mwako. Nisikie kwa masikio yangu."

Kisha akazitoa hizo mbili, mshororo mmoja mmoja, akipumzika baina yake, kama vile bado tuko wikioni.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Raihana alikuja mbio akidhani nimeanguka. Radhiya alikuwa amenitukana tusi safi, la vina, lisilo na hata neno moja la kukaa bure. Maneno mapya ya Radhiya, ya kwanza tangu aondoke. Niliyarudia hapo hapo jikoni, kitunguu mkononi, na koo likafunguka kama mlango uliotiwa mafuta.

Halafu nikaketi. Maana nilikuwa nimeelewa. Angekuwa anakuja, asingetuma sauti. Hasira nimempandisha, mashuani hajapanda.

Kikao cha wanawake kilikuwa baada ya alasiri, kwenye uwanda, ule ua wa ndani, wa nyumba moja kubwa ya zamani hapo Mkomani. Walijaa mpaka ngazini, wa mji na wa bara, wazee na wasichana, wengine na daftari. Mlango wa nje ulifungwa, lakini madirisha ya juu yako wazi, na wanaume waliokuwa wakipita ndiani ghafla wote wakawa na mawe viatuni. Walisimama hapo chini kuyatoa kwa muda mrefu sana.

Wengine walisoma kwanza. Msichana mmoja alisoma shairi juu ya mama yake, akakimbia kabla hajasifiwa. Kisha mwalimu Nerea akanitambulisha. Akasema mtunzi, akasema hazina, akasema mengine ambayo husemwa juu ya mtu akiwa tayari kwenye jeneza. Nikaketi kitini. Raihana akapiga simu, akaiweka mapajani mwangu, sauti wazi.

Nikawaambia mwalimu ametambulisha vizuri sana, ila amekosea mtu, na wavute subira, mtu mwenyewe atajieleza. Nikaanza.

*Nimepokea habari, kasuku wa Mkomani,*
*Kavaa nguo hariri, kaketi juu kitini,*
*Adai ni mshairi, mwenye maneno kichwani,*
*Muulizeni kwa siri: kafunzwa neno na nani?*

Wazee walielewa kabla sijafika mwisho. Nikaona bega la mmoja likitikisika, kisha la jirani yake, kisha kicheko kikapanda ngazi. Wasichana wakaulizana, wakaelezwa, wakacheka baadaye kidogo, kama sahani ya pili. Mwalimu Nerea alishika mdomo. Alikuwa ananitazama mimi, nguo yangu ya hariri, na kiti changu.

Nikaingia beti ya pili.

*Sauti ni yake kweli, hilo mimi sikatai,*

Na hapo nikafanya kusudi. Mshororo unaofuata nilikuwa naujua kama jina langu. Nikauruka, nikaenda wa tatu.

*Huruka beti ya pili, asipofinywa hafai.*

Nikanyamaza. Watu walidhani napumua. Nilikuwa nangoja. Mgongo wangu wote ulikuwa ukingoja, hapa, chini ya bega. Najua Faza iko wapi. Najua mkono wa mtu una urefu gani. Nilingoja vile vile, kama mtoto anayeacha mlango wazi kusudi ili aitwe jina.

Mapajani mwangu simu ikasema, "Rudi nyuma."

Kila mtu aliisikia. Uwanda ukapasuka kwa kicheko. Wanawake walipigana mapaja. Huko ndiani nje nikasikia mwanamume akiangua kicheko akakigeuza kuwa kikohozi. Nami nikarudi nyuma kama nilivyoamriwa.

*Sauti ni yake kweli, hilo mimi sikatai,*
*Lakini yake akili, tenga, maji hayakai,*
*Huruka beti ya pili, asipofinywa hafai,*
*Mfinyaji yuko mbali, mkono haumtwai.*

Mshororo wa mwisho haukuchekwa. Nilikuwa nimeughani asubuhi jikoni, nikadhani ni tusi kama mengine. Sasa nilipouinua mbele za watu, ukawa mzito, ukakataa kupanda. Nikauacha chini ulipo.

"Ya tatu," nikasema kwenye simu.

Kisha Radhiya akaanza kunitilia, mshororo mmoja mmoja, na mimi nikawa naupokea na kuughani palepale, bila kujua unaofuata utasema nini. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi siku zote. Wale wanawake walikuwa wameingia wikioni kwetu na hawakujua.

*Mato yangu yana wingu, sioni hata ndiani,*

Niliughani kabla ya kuuelewa. Sauti ilikuwa imeshapanda, imeshajipamba, ndipo maneno yakanifikia. Macho yana wingu. Nimsomee. Nimsomee tena. Na mimi niliita maringo.

Alikuwa ameshanipa wa pili. Hakuna kungoja katika kazi hii.

*Magoti si mali yangu, hayanishushi gatini,*
*Nibebwe kama mafungu ya makuti mashuani?*

Hapo nilimwona. Radhiya anayepima sakafu kwa kisigino, ameshikwa kwapani na vijana wawili, anateremshwa kwenye mashua mbele ya mji mzima. Asingekubali. Angekufa kwanza. Na simu zote zile, presha, sukari, wajukuu, alhamdulillahi hatujambo, na hakunipa neno. Maneno yote ya dunia alikuwa nayo, na hili moja akalificha mpaka apate vina vyake.

*Ukitaka neno langu, lifuate mlangoni.*

Beti ikaisha. Hakuna aliyepiga kigelegele. Bibi mmoja mbele alikuwa akijifuta kwa ncha ya leso. Nikainua simu juu, nikawaambia mtunzi ni huyu, jina lake Radhiya, yuko Faza, na mimi ni koo lake tu. Ndipo wakapiga, na wakapiga kwa muda, na mimi nikaielekeza simu kwao ili apate chote, maana hajawahi kupata hata kimoja.

Walipotulia nikaiweka sikioni.

"Umeghani vibaya," akasema. "Mwisho kule ulikuwa unaghania puani."

"Nina mafua."

"Tangu lini?"

"Tangu mshororo wa kwanza."

Kisha akauliza kama wageni walikuwa wengi. Nikamwambia mpaka ngazini. Akauliza wanaume je. Nikamwambia ndiani, wanatoa mawe viatuni. Nikamsikia akicheka, kicheko chake cha pumzi, kisichotoka nje.

Tamasha lilikuwa na siku moja zaidi. Mwalimu Nerea alitaka nizungumze na wanafunzi wake juu ya kazi ya utunzi, na sasa akaongeza juu ya mtunzi na msemaji wake. Nikamwambia kesho sipo. Akauliza nakwenda wapi. Raihana akamjibu kwa niaba yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaanza kuona kizunguzungu.

Usama alinivalisha lile koti la kuelea mpaka nikafanana na godoro lililofungwa kamba. Aliniketisha nyuma, karibu naye, akasema hapo mashua hairuki sana. Raihana alikuja na mfuko mzima wa ndimu. Nilikata moja nikaiweka puani kabla injini haijawaka, na ninaapa zile safari zangu zote za gatini zilipata kazi yake siku hiyo. Maji yalikuwa machache Mkanda. Tukakwama. Usama aliitazama mikoko kwa adabu kubwa huku mimi nikiinama pembeni, na abiria mmoja akaanza kunieleza dawa yake. Sikumsikiliza. Nilikuwa nikifikiri kwamba Radhiya alipita hapa, na macho mazima, siku alipohama kumfuata mumewe, na mimi sikujua kwamba ni mara ya mwisho, sikumsindikiza hata gatini. Nilikuwa na kazi gani siku hiyo? Sikumbuki hata kazi yenyewe.

Maji yakarudi. Faza nilipanda pikipiki, Raihana akanishika nyuma, na yule kijana akaenda polepole kama amebeba mayai.

Radhiya alikuwa ameketi mlangoni kwake, kwenye kigoda, leso kichwani. Tangazo langu bado limebandikwa pale, juu ya kichwa chake, herufi kubwa. Amekuwa mdogo. Uso wake ulikuwa umeelekea upande ambao sisi hatukuwapo, kule kwenye kuku.

"Nani huyo anukaye ndimu?" akauliza.

Nikavua viatu nikasogea.

Akanyoosha mkono hewani. Nikaenda nikauweka usoni mwangu. Alinipapasa paji, pua, mashavu, hakufanya haraka. Vidole vyake vilikuwa vile vile, vikavu, na kucha amezikata vibaya.

"Umezeeka, Mwanaarabu," akasema.

"Wewe huoni, umejuaje?"

"Naona kwa mkono. Na umetapika."

Mkwewe akaleta mkeka na maji. Raihana akaanza kumuuliza habari za macho, na madaktari wa macho wanaokuja Amu, na kama inawezekana kuondoa lile wingu. Radhiya akamwambia mwanangu, hayo kesho, tutayasema yote kesho. Akapapasa mkeka mbele yake, akaupigapiga.

"Keti hapa. Geuka."

Nikaketi chini, nikampa mgongo. Magoti yake yakanigusa, yamevimba, yana joto. Kuku walikuwa wakichakura pale, na mtoto wa jirani alikuwa akisoma tangazo mlangoni kwa kuliviringa neno ulimini, m-tu-nzi. Nyuma ya sikio langu ikaja pumzi, kisha ile sauti ya mtu anayeuliza saa, na mshororo ambao sijawahi kuusikia.

Nikauchukua, nikauinua. Akanipa wa pili. Nikauinua. Alipofika wa tatu nikauruka kusudi, nikaenda zangu, nikakaza mgongo, nikangoja.

Sauti ikaruka juu kama paka aliyekanyagwa mkia, na kuku wote wakakimbia.